Kutoka Brooklyn Hadi Buffalo, Nikimfuata Mama wa Mzee Gryce

Siku ya 1, Alhamisi. Brooklyn, kisha Manhattan

Nimetoka zamu ya usiku na kwenda stesheni moja kwa moja, hata kulala sijalala. Mkobani nina nguo za siku sita, chaja, karanga, na kitabu cha mtumba nilichonunua dola tatu: The Leavenworth Case, chapa ya zamani ambayo gundi yake imekauka, ukifungua ukurasa mmoja unadondoka mwingine. Nimekifunga kwa mpira wa kufungia noti. Wenzangu kazini waliponiuliza likizo naenda wapi nikasema Vermont na Buffalo. Una ndugu huko? Hapana, namfuata marehemu. Hawakuuliza tena.

Marehemu mwenyewe ni Anna Katharine Green, mwandishi wa kitabu hicho cha upelelezi, aliyezaliwa hapa Brooklyn tarehe 11 Novemba 1846. Brooklyn wakati huo ilikuwa mji unaojitegemea, haijamezwa na New York. Baba yake, James Wilson Green, alikuwa wakili. Mama yake alifariki Anna akiwa bado mtoto mdogo sana. Sina anwani ya nyumba waliyokaa, kwa hiyo nimekwenda kukaa kwenye ngazi za Borough Hall, jengo la mawe meupe lenye nguzo, lililomalizwa 1848 likiwa makao ya serikali ya mji huo. Hili angalau najua alilipita. Mawakili bado wanapanda na kushuka hapa na mafaili kwapani, kwa kuwa mahakama ziko jirani.

Nimechagua hapa kwa sababu. Wakati ule binti hakutarajiwa kusimama mahakamani. Lakini hakuna sheria iliyomkataza binti wa wakili kusikiliza mezani baba akizungumzia kesi, na ukisoma riwaya yake ya kwanza unamsikia mtu aliyesikiliza miaka mingi. Aliiandika kwenye madaftari, tena kwa muda mrefu bila baba kujua. Ilitoka 1878, akiwa na miaka 31 au 32 kutegemea mwezi.

Msimulizi wa kitabu ni wakili kijana, Everett Raymond. Asubuhi moja wakubwa wake hawapo ofisini, anaingia kijana mwenye haraka na wasiwasi, karani wa tajiri Horatio Leavenworth, kuleta habari kwamba mzee amekutwa amekufa maktabani kwake, amepigwa risasi ya kichwa kutokea nyuma. Mzee hana mtoto. Anaishi na mabinti wawili wa ndugu zake, Mary na Eleanore, wazuri wote wawili, na mmoja tu ndiye atakayerithi mali. Ndani ya kurasa chache umeshapewa nyumba, maiti, urithi na watu wa kuwatilia shaka. Hakuna porojo.

Mchana nikavuka kwenda Manhattan. Nyumba ya Leavenworth ameiweka Fifth Avenue, mtaa wa wenye nazo, na wachapishaji wake, G. P. Putnam's Sons, nao ofisi zao zilikuwa mtaa huo huo. Nikatembea hadi kona ya mtaa wa 42, kwenye maktaba kuu yenye simba wawili wa marumaru. Kitabu kilipotoka, hapa palikuwa na bwawa la maji ya jiji, la kuta nene na ndefu kama za ngome. Maktaba ilifunguliwa 1911. Nikapanda ghorofani kwenye chumba cha kusomea, nikatoa kitabu changu cha dola tatu na kukisoma chini ya dari ile ya dhahabu na mawingu. Ukurasa wa 40 na kitu ukadondoka sakafuni. Mlinzi akaniangalia kama nimechana mali ya umma, ikabidi nimwonyeshe risiti ya duka la mitumba.

Hapo ndipo nilipokutana tena na mzee Gryce. Ebenezer Gryce, mpelelezi wa polisi, si yule mtu mwembamba mwenye macho makali unayemtarajia. Ni mnene, mtulivu, miguu inamsumbua kwa baridi yabisi. Na hakutazami. Akikuhoji, macho yake yamekaa kwenye kitasa cha mlango, au kifungo, au ua la zulia, utadhani siri zake anakiambia kile kitasa. Wewe unaona hakuna anayekuangalia, unajisahau, na yeye keshakusoma. Sherlock Holmes atazaliwa vitabuni 1887, miaka tisa baada ya mzee huyu.

Siku ya 2, Ijumaa. Njia ya kaskazini

Treni imeondoka mchana. Upande wa kushoto mto Hudson, na mwezi Oktoba majani ya milimani yamegeuka rangi: njano, chungwa, wekundu wa pilipili mbivu. Kwa saa mbili za kwanza sikufungua kitabu.

Nilipofungua nilikuwa kwenye uchunguzi wa kifo. Hapa wasomaji wa siku hizi huchoka, maana ni kurasa na kurasa za mashahidi: mpishi, mtumishi wa mlangoni, daktari, karani. Mimi sikuchoka. Ni kama kukaa kwenye benchi la mahakama ya mwanzo na kusikiliza kesi ya jirani. Nyumba ilifungwa usiku, asubuhi ikakutwa imefungwa vile vile, kwa hiyo muuaji alikuwa ndani. Mfanyakazi mmoja wa kike, Hannah, ametoweka. Ufunguo wa maktaba haupo. Mwandishi anakuchorea hadi ramani ya vyumba.

Kisha inaletwa bastola ya marehemu mwenyewe. Iko mahali pake, imejaa risasi, mtutu umesafishwa. Mtu wa kawaida angesema basi, si hii. Lakini mtaalamu wa silaha anaitazama kwa karibu na kuona mstari mwembamba wa masizi kwenye ukingo wa tundu moja la risasi. Moja tu, mengine safi. Muuaji alikumbuka kusafisha mtutu na kurudisha risasi, akasahau masizi. Nimewahi kusugua masufuria ya jiko la kuni kwa bibi yangu Tanga, najua ukaidi wa masizi: ukidhani umemaliza, pitisha kidole kwenye ukingo. Sijui kama mawakili wa kiume wa wakati ule wangeliwaza ukingo. Jambo la kuchekesha, husimuliwa kwamba kitabu kilipovuma wapo wanasiasa wa Pennsylvania waliobishana kama kweli kimeandikwa na mwanamke.

Treni ikasimama katikati ya miti karibu saa nzima, bila maelezo. Abiria wa mbele yangu akaanza kupiga simu za lawama. Mimi nikawa nawaza jambo jingine, la nyumbani. Raymond ni wakili, lakini kazi yake halisi ni kumsaidia Gryce kuingia asikoweza kuingia, maana Gryce mwenyewe anakiri kuwa pamoja na ujuzi wake hawezi kupita kama muungwana kwenye kumbi za matajiri. Kwa hiyo anasimulia msaidizi, mtu mwenye moyo, anayekosea na kupumbazwa na uzuri wa mshukiwa. Sisi tuliosoma Kiswahili shuleni tunaijua jozi hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipoleta Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimweka Bwana Msa na kiko chake, na pembeni yake Najum. Watu husema Msa ni mtoto wa Holmes, na ni kweli kabisa ukitazama kile kiko. Lakini ukoo una mababu wengi. Edgar Allan Poe alianza na mpelelezi wake wa Paris mwaka 1841, Mfaransa Gaboriau akafuata, na hapa Marekani mwanamama mwingine, Metta Victor, alishatoa The Dead Letter kabla ya 1870, akijificha nyuma ya jina la Seeley Regester. Kwa hiyo wanaosema Green ndiye wa kwanza kabisa wanazidisha. Alichofanya Green ni kuufanya upelelezi uwe kazi ya kudumu: mpelelezi mmoja anayerudi kitabu baada ya kitabu, na mwandishi mmoja wa kike anayekula kwa kalamu hiyo karibu miaka 45, kwa jina lake halisi.

Nimeshuka Castleton, Vermont, usiku, baridi imeniingia hadi kwenye meno. Mwenye nyumba ya wageni amekuja kunichukua kwa gari lake. Ameniuliza kama nimekuja kutazama majani.

Siku ya 3, Jumamosi. Poultney

Mji wa njia moja kuu. Unasimama mwanzo wa barabara, unaona mwisho wake, na mwisho wake ni chuo. Hapa ndipo Anna aliposoma, wakati huo pakiitwa Ripley Female College, akahitimu 1866. Baadaye majengo yalibadilisha majina na wenyewe mara kadhaa. Chuo cha mwisho kukaa humo kilifungwa 2019. Nimezunguka viwanja vyake asubuhi. Nyasi zimekatwa, madirisha yamefungwa, mbwa mmoja anamtembeza bwana wake.

Paa za hapa nimezipenda. Eneo lote hili ni la machimbo ya mawe ya bamba, na nyumba zimeezekwa kwa mawe hayo: zambarau, kijani cha bahari, kijivu. Wachimbaji wengi walihamia kutoka Wales. Mzee mmoja dukani ameniambia ukitaka kujua bamba zuri ligonge kwa kifundo cha kidole, lililo zima linalia kama kengele. Nimegonga moja lililokuwa limeegemezwa ukutani. Kweli linalia.

Msichana aliyemaliza hapa 1866 hakutaka kuandika habari za maiti. Alitaka ushairi. Katika miaka hiyo alikutana na Ralph Waldo Emerson, mwanafalsafa na mshairi wa Concord, ambaye kwa Wamarekani wa wakati ule neno lake lilikuwa kama fatwa. Mwaka 1868 akamtumia mashairi yake na kumwuliza ushauri. Jibu la Emerson lilikuwa la mtu mzima mwenye adabu: alimpongeza kwa kuwa na kipaji cha kumfariji maishani, lakini hakumtia moyo wa kuufanya ushairi kazi. Ukilisoma haraka ni sifa. Ukilisoma polepole ni mlango uliofungwa kwa upole ili usikubane vidole.

Nimekaa na kahawa nikiuwaza mlango huo. Miaka kumi kati ya barua ya Emerson na The Leavenworth Case. Riwaya yenyewe aliianza, kwa maelezo yanayorudiwa na wanaomsoma, akitarajia ikimpa jina watu watayatazama mashairi yake. Jina likaja, na mashairi yakachapishwa kweli: The Defence of the Bride mwaka 1882, na tamthilia ya kishairi, Risifi's Daughter, mwaka 1887. Nimeyasoma kiasi. Nitasema tu kwamba Emerson aliona vizuri. Lakini ushairi haukupotea bure. Msikilize Green anapoelezea taa inayofifia kwenye chumba chenye maiti: kuna mizani kwenye sentensi zake, wakati mwingine mizani imezidi, watu wanashika vifua na kuweweseka ovyo. Enzi zao hizo.

Jioni nimerudishwa Castleton. Dereva ameniuliza majani yalikuwaje. Nikasema mazuri sana, kwa sababu ni kweli.

Siku ya 4, Jumapili. Schenectady hadi Buffalo

Siku nzima ndani ya treni. Nimebadilisha Schenectady, kisha magharibi kufuata bonde la Mohawk: mto, mahindi yaliyokauka, viwanda vya matofali vilivyofungwa, mto tena. Sina mengi ya kuandika kuhusu njia.

Nimesoma That Affair Next Door kwenye simu hadi chaji ikaisha. Ni ya 1897, na ndani yake kuna bibi mmoja ambaye ningependa awe jirani yangu, lakini nyumba ya tatu, si ya pili. Amelia Butterworth: hajaolewa, ana mali na ukoo, anaishi Gramercy Park, na usiku wa manane anasikia gari la farasi likisimama nyumba ya jirani ambayo haina watu. Anachungulia. Asubuhi, mwanamke amekutwa humo amekufa, kabati limemwangukia. Bi Butterworth anasisitiza kila baada ya kurasa kumi kwamba yeye si mdaku hata kidogo. Mzee Gryce anafikiri atamtumia. Bibi anaamua kufanya upelelezi wake, na wakubwa hawa wawili wanaanza kushindana kwa heshima zote, kila mmoja akimficha mwenzake nusu ya anachokijua.

Ukimjua Miss Marple, bibi mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, umeshapiga hodi kwenye mlango sahihi. Riwaya ya kwanza ya Miss Marple ni ya 1930. Agatha Christie mwenyewe ameeleza kwamba akiwa mtoto, dada yake Madge alimhadithia The Leavenworth Case, naye akakaa kimya kama aliyepigwa na uchawi. Na alipozeeka hakusahau: katika The Clocks ya 1963, anamketisha mpelelezi wake mwingine, Hercule Poirot, katikati ya vitabu, na kimojawapo anachokishika na kukisifu ni hicho hicho. Uingereza hiyo hiyo Wilkie Collins, aliyekuwa ameshaandika The Moonstone, naye aliusifia ubunifu wa Green. Msichana aliyefungiwa mlango na mshairi mkubwa wa nchi yake akafunguliwa na wakubwa wa ng'ambo.

Nimefika Buffalo giza limeingia. Nafikia kwa Mama Neema, mama yake mwenzangu wa zamu. Wametoka Uvira, wakapitia kambini Tanzania miaka mingi, sasa wako West Side ya hapa, ambako Wakongo, Warundi na Wasomali ni wengi kiasi kwamba kwenye basi nimesikia Kiswahili kabla sijasikia Kiingereza. Nikaamkia shikamoo. Akacheka.

"Iyo ni ya kwenu Tanzania. Kwetu ni jambo tu. Ingia, mwanangu, inje inafanya baridi."

Bugali, sombe, na ndagala kutoka ziwa Tanganyika zilizovuka bahari ndani ya mfuko wa plastiki. Sikuacha hata punje. Kisha akauliza nimefuata nini Buffalo. Nikamweleza.

"Umetoka kule kote juu ya kaburi ya mama mwenye alikufa zamani?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa ndugu yako?"

"Alikuwa anaandika hadithi za watu kuuawa na jinsi muuaji anavyopatikana."

Akanyamaza kidogo. "Wenye kupatikana," akasema. "Basi nihadithie moja."

Nikaanza: palikuwa na mzee mmoja tajiri, maktaba, ufunguo haupo. Nilipofika kwenye uchunguzi wa kifo alikuwa amesinzia kwenye kiti, nikadhani hasikii. Nikanyamaza. "Bado," akasema, macho yamefumba. "Huyo mtumishi alienda wapi?"

Siku ya 5, Jumatatu. Park Street

Jumatatu si siku ya kwenda makumbusho, na mtu mwenye akili angeliangalia hilo kabla. Jumba nililolipangia asubuhi lilikuwa limefungwa. Basi nikatembea.

Anna aliolewa tarehe 25 Novemba 1884, akiwa na miaka 38. Mume, Charles Rohlfs, alikuwa mdogo kwake kwa miaka zaidi ya sita, na alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Inasemwa mzee Green hakutaka mkwe mwigizaji, kwa hiyo Charles aliweka jukwaa pembeni na kurudi kwenye ufundi wake mwingine: kubuni majiko ya chuma. Kazi hiyo ndiyo iliyowaleta Buffalo mwaka 1887. Lakini jukwaa halikumtoka. Anna alipoigeuza The Leavenworth Case kuwa mchezo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Charles alipanda akaigiza karani, James Harwell. Waliosoma kitabu wanajua kwa nini mwigizaji yeyote angeitaka nafasi hiyo.

Halafu zikaja samani. Walianza kutengeneza vya kukalia nyumbani kwao, baadaye ikawa kazi: viti na madawati ya mbao za mwaloni, nakshi zinazojipinda kama moshi au mizizi, mbao zilizotobolewa zionyeshe hewa. Mwaka 1901 zilionyeshwa kwenye Pan-American Exposition, maonyesho yale yale hapa Buffalo ambamo Rais McKinley alipigwa risasi, na 1902 zikafika Turin, Italia. Leo kiti cha Rohlfs kiko nyuma ya kamba kwenye majumba makubwa ya sanaa, na kinapouzwa kwenye mnada bei yake hutaitaja mbele ya watoto. Wataalamu wa samani sasa wanakubali kwamba Anna alikuwa na mkono wake katika ubunifu wa zile za mwanzo. Mimi nina langu la kuongeza. Mwaloni haudondoki kutoka mbinguni. Nyumba hiyo ya watoto watatu iliendeshwa kwa sehemu kubwa na riwaya, moja baada ya nyingine: Hand and Ring, The Filigree Ball, The House of the Whispering Pines. Viti viko chini ya taa za makumbusho. Riwaya nimezipata kwenye boksi la dola tatu.

Nyumba yao ya mwisho, ya 1912, iko Park Street, namba 156. Mtaa mfupi, miti mikubwa, baiskeli za watoto. Ni makazi ya watu, kwa hiyo nimesimama upande wa pili wa barabara kama Bi Butterworth, nikijifanya natafuta kitu kwenye simu. Pazia la ghorofani likasogea. Nikaondoka.

Katika miaka ya nyumba hiyo ndipo alipomwandika Violet Strange, 1915: binti wa tajiri, mdogo, mpenda sherehe, ambaye kwa siri anafanya kazi ya upelelezi kwa malipo bila baba yake kujua. Nimetabasamu peke yangu barabarani. Miaka karibu arobaini tangu yale madaftari, na bado baba hatakiwi kujua.

Lakini msije mkadhani nimekuja kumwosha. Anna Katharine Green alipinga wanawake kupewa kura. Aliyelisha nyumba kwa kalamu, aliyewapa mabinti wa vitabuni akili kuliko polisi, alikuwa upande wa waliosema wanawake wakae mbali na sanduku la kura. Na wanawake wa jimbo lake la New York wakaipata 1917 bila yeye. Nimemweleza Mama Neema haya jioni tukimenya viazi. Hakushangaa.

"Bwana yake alikuwa anatumika kazi gani?"

"Alikuwa anachonga viti."

"Na chakula ilikuwa inatoka wapi?"

"Kwenye vitabu, zaidi."

"Basi alisema vile ili watu wamwache atumike," akasema, akatupa kiazi kwenye maji. Sijui kama ni kweli. Ni dhana nzuri kuliko nilizokuja nazo.

Tukaendelea na Leavenworth. Leo amekesha macho. Ameniuliza ni nani aliyekuta maiti, nani alikaa karibu na mzee mchana kutwa, na mlango wa maktaba unafungukia wapi. Nikalazimika kuchora ile ramani nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Siku ya 6, Jumanne. Forest Lawn

Makaburi ya Forest Lawn ni msitu wenye vilima, kijito na bata bukini. Amelazwa humu Rais Millard Fillmore, na mwanamuziki Rick James. Niliingia na ramani ya kuchapisha, nikaishika kichwa chini miguu juu kwa nusu saa, nikajikuta mbele ya ukoo wa watengeneza bia. Kosa langu. Mtunza bustani aliyekuwa anapuliza majani akazima mashine, akanisikiliza, akaninyooshea kidole.

Anna alifariki Buffalo tarehe 11 Aprili 1935, akiwa na miaka 88. Charles alimfuata mwaka uliofuata. Watoto wawili, Rosamond na Sterling, walikuwa wametangulia. Aliyebaki ni Roland, rubani wa majaribio, ambaye Septemba 1919 alipandisha ndege hadi zaidi ya mita 10,600, rekodi ya dunia ya wakati huo. Mlima Kilimanjaro ni mita 5,895. Fikiria kuupanda, halafu kuweka mwingine mfupi kidogo juu yake, ukiwa kwenye ndege ya mbao na turubai, na mama yako yuko chini anaandika habari za mtu aliyeuawa maktabani.

Nimekaa hapo. Majani yalikuwa yameganda kwenye jiwe kwa mvua ya alfajiri; nimeyabandua moja moja, mengine yakaacha alama ya umbo lake. Nilikuwa nimepanga kusoma ukurasa kwa sauti, lakini kwanza kuna upepo, pili kitabu changu kingeishia kijitoni, tatu mtunza bustani alikuwa bado ananitazama. Nikasoma kimya, sentensi ya kwanza tu, ile ya kijana anayeingia ofisini na haraka zake. Nimeisoma mara nyingi sasa, na kila mara naona mwanamke huyu alivyokuwa na ujasiri wa kuweka vitu mezani mbele ya macho yako.

Treni yangu ni ya alfajiri. Jioni Mama Neema amepika chai ya tangawizi na mandazi, akafukuza wajukuu wakalale, akakaa.

"Maliza."

"Zimebaki sura nyingi, mama. Bado Hannah hajapatikana."

"Hapana. Mimi nimeshajua." Akaikunjua bahasha ya bili ya umeme, akaweka kidole kwenye chumba kimoja cha ramani. Akataja jina, na akaeleza sababu kwa sentensi mbili, bila masizi, bila mtaalamu wa silaha. Kisha akaniangalia usoni, anangoja.

Nikatazama mkono wa kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati, bluu, kimemeguka rangi kidogo pale kidole gumba kinapokaa. Nikakitazama sana.

"Aa," akasema Mama Neema. "Ni yeye."